Tepu ya Bluu Ndani ya Ukuta

Hivi wewe unayesoma hapa, kuna mtu amewahi kufukuzwa kazi kwa kosa lako, na wewe umesimama palepale unamwangalia, mikono mfukoni?

Kama hakuna, hongera, endelea na maisha yako mazuri. Kama yupo, kaa chini. Hadithi hii ni yetu sisi wawili.

Palikuwa na hospitali ya wilaya katika mji mmoja wa pwani, mji ambao ukitoka kuoga unatoka na jasho. Hospitali hiyo ilikuwa na maabara, na ndani ya maabara mlikuwa na mashine ya kupima damu. Mashine yenyewe ilikuwa na maringo. Chumba kikizidi joto inalolitaka, inajizima, na hapo hata uiletee barua ya wizara haiwaki. Kwa hiyo pale ukutani iliwekwa AC, ile ya vipande viwili: kimoja kiko ndani kinapuliza baridi, kingine kiko nje kinatema joto na kelele.

Hospitali hiyo ilikuwa pia na fundi, Fundi Mhina. Miaka kumi na tisa alikuwa pale. Cheti hana. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, unaongezwa kila mwezi wa saba. Anajua feni ya wodi gani inalia kwa sababu gani. Akipita koridoni na bisibisi yake, wagonjwa wanamsalimia kuliko wanavyowasalimia madaktari.

Siku moja akaletewa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja field, mafunzo ya vitendo. Huyu tumwite Msomi, maana ndivyo alivyojiona. Alikuja na begi la vifaa vipya, kila kitu bado kina kibandiko cha dukani, na roli mbili za tepu ya bluu. Pale hospitali tepu ilikuwa nyeusi tu, tangu enzi na enzi. Bluu ilikuwa ya Msomi peke yake.

Fundi Mhina alimpokea kwa mikono miwili. Tangu siku ya kwanza akamwita Injinia. Hakumkejeli. Alimaanisha.

Wiki ya tatu ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kukata utepe wa maabara. Unajua mambo ya mgeni rasmi. Kila kitu lazima kiishe jana. AC ilikuwa bado haijafungwa. Fundi Mhina akachimba mfereji kwenye ukuta, akaning'iniza kipande cha ndani, akaweka kipande cha nje kwenye kitako chake. Kabla hajapitisha waya, akaitwa mbio wodi ya wazazi, taa za chumba cha kujifungulia zimekatika.

"Injinia, malizia waya," alisema akiondoka. "Wa ndani mpaka nje, mzima. Usikate katikati."

Msomi akapima. Waya ukapelea, urefu wa mkono tu, kutoka kiwiko mpaka vidole. Duka lilikuwa mjini, na fundi wa plasta alikuwa amesimama nyuma yake na karai la sementi, anamsonya.

"Bro, sementi inaganda. Unaweka au huweki?"

Sasa sikiliza hapa. Kitabu alichosomea Msomi kilisema wazi kwamba waya unaounganisha vipande viwili vya AC haupigwi jointi, yaani hauungwi, ndani ya ukuta. Msomi alikuwa anakijua kifungu hicho. Alikijibia mtihani. Alipata maksi zote.

Akachukua kipande cha waya kilichobaki kwenye kazi nyingine, akasokota, akazungushia tepu ya bluu, akasukumia mferejini. Fundi wa plasta akafunika. Dakika kumi na tano, ukuta laini kama shavu la mtoto. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa.

Ijumaa yake Msomi akajaza logbook, lile daftari la field ambalo chuo kinataka liwe na saini kila wiki. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya jina lake, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Interconnecting cable installed in one continuous run. No joints.*

"Fundi, weka saini hapa."

Fundi Mhina akafuta mkono kwenye suruali. "Umeandika nini humu, Injinia? Kimombo chenu hiki kinanipita."

"Kwamba tumepitisha waya mzima."

"Vizuri." Akasaini.

Logbook ile ilipata A. Msimamizi kutoka chuoni alikuja siku moja, akanywa soda, akapiga mihuri kurasa zote kwa mpigo, akaondoka. Hakuuliza hata AC iko chumba gani.

Miaka miwili ikapita. Msomi alikuwa na Bachelor of Science, Upper Second, na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye kona. Alikuwa ameigawa CV yake mji mzima kama vipeperushi vya mganga. Ofisi zote zilimpa jibu moja: tutakupigia.

Mwezi wa sita wa mwaka huo AC ya maabara ikaanza kugoma. Inawaka siku mbili, ya tatu inazima na kuandika E6 kwenye uso wake. Fundi Mhina anakaza skrubu, inarudi, wiki haiishi imezima tena. Mashine ya damu nayo inazima. Mama mjamzito katoka kijiji cha mbali tangu alfajiri, anaambiwa apande gari mpaka wilaya ya jirani kupima damu.

Akaletwa fundi mmoja wa mjini. Huyo aliangalia dakika mbili, akasema gesi imeisha, akajaza. Kesho yake, E6.

"Yule," Fundi Mhina alimwambia Bi Nasra, mkuu wa maabara, "hata ukimpelekea pasi atakwambia gesi imeisha."

Bi Nasra alicheka, lakini Daktari Mapunda, mganga mfawidhi, hakuwa na siku ya kucheka. Akamwita Fundi ofisini, mlango wazi, watu wanapita.

"Mara ya tatu hii, Mzee Mhina. Ijumaa saa tisa alasiri, kama AC haijatengemaa, mwezi wa saba usilete fomu ya mkataba. Halafu nimemwita kijana mwenye degree aje aangalie. Tuone nani anajua kazi."

Kijana mwenye degree ni nani? Ni Msomi. CV yake ilikuwa mezani chini ya birika la chai. Simu ilipoita, alikuwa kalala, saa nne asubuhi. Alivaa shati la mahafali.

Ijumaa asubuhi wakakutana maabara. Fundi Mhina alipomwona, uso ukamfunguka.

"Injinia. Umenenepa wewe."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mgonjwa wetu."

Msomi akatoa simu, akafungua PDF, akasoma kwa sauti ili Daktari aliyesimama mlangoni asikie. "E6 is a communication fault. The indoor unit is not talking to the outdoor unit. Daktari, with all due respect to Fundi, hapa tatizo ni bodi, ule ubongo wa AC. Tuagize bodi mpya Dar. Wiki mbili."

Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kiingereza kina kawaida ya kumridhisha mtu kabla hakijamsaidia. Akaenda zake kuona wagonjwa.

Fundi Mhina akapanda ngazi. "Bodi haijahojiwa, Injinia, unaihukumu. Twende polepole."

Akazima swichi kubwa. Akafungua kipande cha ndani, akakaza kila skrubu, akahakikisha waya wa kwanza uko kwenye namba moja, wa pili namba mbili, wa tatu namba tatu. Akatoka nje, akafanya vilevile.

"Hawa ni kama mume na mke wanaolala vyumba tofauti," alisema, jasho likimtiririka. "Wanapelekeana salamu kwa waya huu wa tatu. Salamu isiporudi, wa ndani anasusa, anaandika E6. Ila sikiliza, E6 haikwambii nani mbaya. Inasema tu, sijajibiwa."

Akawasha, akaweka mita yake kati ya waya wa pili na wa tatu. "Wakiwa wanaongea, namba hizi zinacheza. Zinapanda, zinashuka. Unaona?"

Namba zilikuwa zimesimama kama askari wa getini.

Fundi akashusha mita. Akauangalia ukuta chini ya dirisha, pale mfereji ulipopita. Kuna alama ya unyevunyevu ilikuwa imechora ramani kwenye rangi, maji ya bomba la AC yalikuwa yanapenya kidogo kidogo. Halafu akauliza, bila kugeuka:

"Injinia, siku ile mimi niliitwa wodini. Waya ulitosha?"

Walikuwa wawili tu chumbani.

"Ulitosha, Fundi."

"Ulipita mzima?"

"Mzima. Hata kwenye logbook tumeandika."

Tumeandika. Msomi alisema *tumeandika*. Kosa la mkono wake, lakini kalamu ikawa ya watu wawili.

Fundi Mhina akamgeukia, akamtazama kama mtu anayemsubiri mtu avae viatu watoke. Msomi akainamia simu yake.

"Haya," Fundi akasema.

Akachukua roli la waya mpya, akautoa dirishani, akaufunga moja kwa moja kutoka kipande cha ndani mpaka cha nje, ukining'inia juu ya kiti cha Bi Nasra kama kamba ya nguo. Akawasha. Zikapita sekunde chache. AC ikakohoa, ikafungua mdomo, ikapuliza. Kule nje feni ikaanza kuzunguka. Namba kwenye mita zikaanza kucheza.

Bi Nasra akaingia, akaketi chini ya ule upepo na kufumba macho. "Fundi, Mungu akupe umri."

"Bodi zote mbili nzima," Fundi alisema. "Mgonjwa yuko ukutani."

Saa nane na nusu Daktari Mapunda akaja, nyuma yake Afisa Utumishi na faili. Chumba kilikuwa na baridi, lakini waya bado unaning'inia dirishani, na Daktari akauonyesha kwa kalamu.

"Na hii ni nini? Tutafanya kazi tukiruka kamba?"

"Naomba ruhusa nivunje plasta hapa, Daktari."

"Vunja."

Fundi akaweka tindo, akagonga mara tano. Plasta iliyolowa kwa ndani ikadondoka kama uji. Akaingiza vidole, akavuta, kipande kilichooza kikamkatikia mkononi.

Msomi aliona bluu kabla mtu mwingine hajaona. Ncha tu ya ile tepu, imefifia, imelowa, shaba ndani yake imegeuka kijani. Hospitali nzima, mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na tepu ya bluu, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, ndani ya shati la mahafali.

Na Fundi Mhina naye aliiona. Aliitambua. Akakifumbia ngumi kile kipande.

"Kuna nini humo?" Daktari akauliza.

"Jointi, Daktari. Waya uliungwa humu ndani, ukapigwa maji, ukaoza. Salamu zikawa hazifiki."

"Nani alipitisha waya huu?"

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Haukuwa kwenye AC. Sekunde tatu, nne, tano. Baridi inapuliza. Bi Nasra anaangalia huku na huku. Msomi alikuwa na neno moja tu la kusema, na si neno gumu, watoto wa chekechea wanaliweza. Mimi.

Hakulisema.

Fundi Mhina akaiingiza ngumi mfukoni, akaitoa tupu.

"Kazi hii ilikuwa yangu, Daktari. Saini ni yangu. Sikuikagua."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye uliyeturudisha nyuma mwezi mzima? Wagonjwa wangu wanasafiri kwa jointi yako?"

"Ndiyo, Daktari."

Afisa Utumishi akaandika kwenye faili kwamba mkataba hauongezwi na leo ndiyo mwisho. Ilimchukua mstari mmoja. Miaka kumi na tisa, mstari mmoja.

"Ndiyo maana tunataka wasomi," Daktari akasema, akamshika Msomi bega. "Huyu alijua ni communication fault kwa kuangalia tu. Tutaangalia nafasi yako, kijana."

Na Msomi akajibu. Andika hili mahali usilisahau. Alijibu, "Thank you, Doctor."

Fundi Mhina hakuondoka. Aliyefukuzwa saa nane na nusu alifanya kazi mpaka saa kumi na moja. Alipitisha waya mpya ndani ya ukuta, mzima, bila jointi. Alihamisha bomba la maji lisipenye tena. Alipiga plasta mwenyewe. Alifagia. Ndipo akakusanya vifaa vyake.

Msomi alimkuta getini. Alikuwa amemsubiri, ukitaka kuita kule kujificha nyuma ya kibanda cha mlinzi kusubiri.

"Fundi, kwa nini hukuniambia kama ulijua?"

"Nilikuuliza mara mbili, Injinia. Daktari akauliza ya tatu. Ulitaka nani akuulize?"

"Ungenitaja tu."

"Ningekutaja ungepata aibu siku moja, ukanichukia mimi mzee. Halafu mimi nilisaini kitu nisichokisoma. Hilo ni langu, silikatai." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha waya, kimesokotwa, tepu ya bluu inaning'inia. Akakiweka kwenye kiganja cha Msomi. "Ukipata ofisi, weka mezani. Usikitupe."

Akaondoka kwa miguu, begi begani.

Nimechoka kusema Msomi. Msomi ni mimi.

Na kile kipande kiko mezani kwangu sasa hivi ninapoandika, isipokuwa meza yenyewe si ya ofisi. Ni meza ya kulia ya mama yangu. Kazi ile sikuipata. Mwanzo waliniambia subiri kibali cha ajira. Baadaye nafasi haipo kwenye ikama, ile orodha yao ya nafasi za kazi. Baadaye simu haipokelewi. Yaani walimtoa mtu anayejua ili wamweke mwenye cheti, halafu mwenye cheti hawakumweka. Kiti kimebaki kitupu, na nyinyi wakubwa wa hospitali kwenye vikao vyenu mnakiita nafasi wazi. Ningependa kuwatukana vizuri, nina degree ya kutosha. Lakini kila nikifungua mdomo nakumbuka ngumi ile ikiingia mfukoni, na matusi yote yananirudia mwenyewe.

Wiki iliyopita Bi Nasra alinipigia. AC ya stoo ya dawa imegoma.

"Imeandika E6, Injinia. Na insulini ziko humo ndani."

"Mpigieni Fundi Mhina, Bi Nasra."

"Tulimfuata. Siku hizi anatengeneza pasi na redio barazani kwake. Ila kasema hawezi kuingia, Daktari alimkataza kukanyaga. Akasema tukutafute wewe. Anakusifia sana yule mzee. Anasema katika wanafunzi wake wote, wewe ndiye uliyekuwa na mkono mzuri."

Nikakata simu. Sikwenda; kukalia kiti chake kwa sifa zake kulinishinda.

Jana nilikwenda barazani kwake. Nilikaa kwenye benchi la wateja na kile kipande mkononi. Nilimwambia naandika haya yote na nitayatuma kila mahali. Alikuwa anafungua redio. Akasema, "Ukiandika, usiseme nilikuwa mwema. Sema AC ya stoo haijatengenezwa."

Basi nimesema. AC ya stoo haijatengenezwa.

Ukiwa kwenye group lolote ambalo Daktari wa hospitali yoyote yumo, peleka hii. Ukiwa field, fungua logbook yako usome ulichoandika kabla hujaomba saini ya mtu.

Funzo: Kosa akilificha aliyelifanya, linalipwa na aliyemwamini, na wakati huo huo wanaoumia ni watu wasiojua lolote. Kwa hiyo Mganga Mfawidhi, na wewe Afisa Utumishi mwenye faili: futeni ule mstari mmoja, mrudisheni Fundi Mhina kazini kwa barua yenye muhuri, na barua hiyo isomwe maabara, mbele ya walewale waliomwona akiondoka. Na nyinyi wa chuo, ile A iondoeni. Jina la mwenye kosa mnalo, liko ukurasa wa kumi na nne, kwa mwandiko mzuri.